Kulishibisha Gemu la Matofali

Betri zikiisha, gemu la matofali hunyonya damu ya anayelicheza. Huanzia kwenye vidole gumba, hupanda hadi kwenye kiwiko, na mwisho hufika moyoni. Haya niliambiwa sokoni Mabamba na mzee aliyekuwa akivuka mpaka kila wiki na baiskeli iliyojaa betri, viberiti na sabuni. Nami niliyaamini kwa asilimia mia mbili.

"Nyie watoto hamjiulizi?" alisema. "Betri zimekufa, dude bado linalia. Linakula nini?"

"Linakula nini, mzee?"

"Linakula wewe."

Msicheke, ushahidi tulikuwa nao. Asubuhi za mwezi wa sita kwetu Kibondo zina baridi ya kugandisha maziwa yakiwa bado ndani ya ng'ombe. Gemu likilala na betri chovu, asubuhi ukiliwasha linakunyamazia. Lakini ukilifumbata viganjani kidogo, ukalipulizia pumzi, linaamka! Linapiga kale kawimbo kake ka kijinga na matofali yanaanza kushuka. Kwa mtoto wa darasa la tano, hapo palihitaji maelezo gani tena?

Gemu lenyewe nililileta mimi. Hilo nataka lieleweke mapema, maana ndilo nililolibeba miaka yote hii: nililileta mimi nyumbani, mdogo wangu wa kike akalicheza, na mdogo wangu akafa kwa kuishiwa damu.

Nilibadilishana na kijana mmoja wa pale pale sokoni. Mimi nilitoa jogoo, naye jogoo yule, Mungu ni shahidi, alikuwa na kimo cha mbuzi. Nikapewa kidude cha kijivu kilichopauka, kioo kina mkwaruzo, kitufe cha kuzungusha kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Vipande vinadondoka kutoka juu, wewe unavigeuza na kuvipanga, mstari ukijaa unafutika. Basi, hakuna kingine. Ila kijiji kizima kilisimama, hata mbuzi walikuja kuchungulia.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Alikuwa mtoto wa kuumwaumwa: leo miguu, kesho mgongo, macho yana unjano. Mama alikuwa akichemsha matembele mpaka maji yanageuka mekundu, anamnywesha kikombe asubuhi na kikombe jioni. Sisi watoto tuliambiwa ana upungufu wa damu. Zaidi ya hapo hatukuambiwa, wala hatukuuliza.

Kwa kuwa hakutumwa maji wala kuni, alishinda kwenye mkeka ukutani mwa jiko, upande unaopigwa na jua, na gemu mkononi. Kwa wiki mbili nilikuwa bingwa wa dunia. Wiki ya tatu akanipita, na tangu hapo sikumfikia tena.

"Kaka, umekufa!" alikuwa akipiga kelele nikicheza. "Angalia, matofali yamekufika puani!"

"Nyamaza, unanichanganya."

"Sikuchanganyi mimi, vidole vyako vizito. Ungekuwa fundi, nyumba zako zingelala chini zote."

Alicheka hadi akashika mbavu, na wakati mwingine kicheko kiligeuka maumivu palepale, akajikunja, gemu likaendelea kujijaza lenyewe mapajani mwake.

Baadaye nikaanza kuona kitu. Betri zikichoka, kwangu gemu liliamka dakika moja, kwake liliamka na kukaa. Siku alizokuwa na homa, viganja vyake vikiwa vya moto, betri zilizotupwa juzi zilirudi kazini. Mzee wa baiskeli alikuwa ameshaniambia. Nilimtazama akicheza, midomo imepauka, nikahesabu vidole vyake kama vile kimoja kingepungua.

Mvua zilipoanza maumivu yalimshika vibaya, tukafika naye hospitalini Kabanga. Nilichukuliwa nibebe sufuria na nimsaidie mama kupika kule jikoni kwa wanaouguza. Mjomba alitoa damu. Mfuko ukatundikwa juu ya kitanda, mpira ukashuka hadi kwenye mkono wake wa kushoto. Na mkono wa kulia umeshika nini? Gemu. Nikasimama pale na sufuria yangu ya uji, nikaona kila kitu: huku damu inaingia, huku inatoka.

Ningemwambia mama? Angenicheka, au angejua kwamba ni mimi niliyelileta. Kulitupa niliogopa, nikifikiri limeshamzoea na litamfuata. Basi nikapata akili yangu mwenyewe, akili ya mtoto wa Mabamba aliyefuga kuku na kujua kwamba anayekula hushiba. Nikaona nilishibishe. Nikilipa damu yangu nyingi, ya kutosha, litamwacha.

Nilimnyang'anya. Nikakaa kwenye baraza ya wodi, karibu na dirisha lake, nikacheza. Nilicheza asubuhi, nikacheza mchana, nikaruka uji na nikaruka ugali. Vidole gumba viliota malengelenge. Nilipoinuka kichwa kilizunguka, nami nikafurahi, nikasema linakula, linakula vizuri.

Yeye aliniona dirishani.

"Kaka, nipe zamu yangu."

"Subiri."

"Tangu jana unasema subiri."

"Sijamaliza."

"Una roho mbaya wewe."

Mama mmoja aliyekuwa akiuguza kitanda cha jirani alitoa kichwa nje. "We mtoto, huna hata haya? Mwenzio anaumwa unamnyima kidude?" Kama ningemwambia mdogo wangu ukweli angeogopa, na mtu anayeogopa, nilijua kutoka kwa mzee yuleyule, damu yake hutoka haraka zaidi. Nikainamisha kichwa, nikapanga matofali.

Siku ya pili mchana sauti yake ilikuwa imeshakuwa ndogo.

"Umefika ngapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimeipita rekodi yake kwa mara ya kwanza maishani.

"Muongo," akasema. Halafu: "Haya. Ukimaliza niite."

Sikumwita. Nilikuwa bado nalishibisha wakati mama alipotoka wodini bila kitenge chake begani, akapita mbele yangu kama hakuna mtu, akakaa chini kwenye majani.

Tuliporudi nyumbani nilitoa betri, nikalifukia gemu katikati ya shamba la mihogo, kina cha goti langu. Hakuna aliyeliulizia.

Sasa nina kibanda changu Kasulu, natengeneza simu na kuchaji. Shule niliacha nikairudia ukubwani, masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mke, nikikaa dawati moja na mabinti wanaoniita babu. Kidato cha nne nimemaliza, cheti kimo kwenye fremu kubwa kuliko dirisha. Baiolojia nimefaulu, ingawa wiki ya mada ya damu sikuhudhuria hata kipindi kimoja. Nilisema ninaumwa, na kwa kweli niliumwa.

Betri nazijua, ndio ugali wangu. Najua kwamba betri chovu ikipata joto hujikaza kidogo kabla ya kufa kabisa, naweza kukueleza hata nikiwa usingizini. Lakini hilo halikunisaidia, kwa sababu sikuwa nimepewa jambo lingine la kuweka mahali pake. Kama si gemu, alikufa na nini? Upungufu wa damu, sawa. Ilipungukia wapi?

Na gemu halikukaa kaburini. Lilirudi ndani ya simu za vitufe, likarudi kwenye simu za kugusa, matofali yanameta kama peremende, katikati ya mchezo linatokea tangazo la sabuni. Watoto wa mjini huja kibandani: "Fundi, tuwekee lile la matofali." Mimi nawawekea la mpira, la magari, hata la kuchinja kuku. La matofali nawaambia simu yenu haina nafasi. Nimeshasema uongo huo mara milioni tatu.

Mwezi uliopita mama alikuja kututembelea kutoka Mabamba. Kabla sijamaliza kushusha mzigo wake wa maharage, binti yangu alikuwa ameshakaa kibarazani, ameinama, na kale kawimbo kanalia.

Ni lile lile umbo, ila jipya, jekundu, kioo kina rangi.

"Nimelipata hapa sokoni kwenu," mama alisema, amefurahi. "Yule Mkongo anayeuza vyombo kaniambia, 'Mama, beba hii, iko na rangi, iko na chaja, betri hapana.' Nikamkumbuka mdogo wako, nikasema ngoja na huyu naye acheze."

Nilimpokonya binti yangu. Sikuomba, nilivuta. Alitoa yowe kana kwamba nimemkata mkono.

"Yebaba we!" mama akasimama. "Una nini wewe? Mrudishie mtoto!"

"Asicheze hili."

"Kwa nini?"

Mwanamume mzima, mwenye cheti kwenye fremu, nikaketi juu ya gunia la maharage, na nikamweleza yote: mzee wa baiskeli, viganja vya moto, mfuko wa damu, na zile siku mbili za kulishibisha. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, gemu likinilialia mkononi maana sikujua linazimwaje.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika ganda moja la maharage, hakulimenya wala hakuliweka chini.

"Miaka yote hii umekaa na haya?"

"Ndiyo, mama."

"Nami nilidhani ulikuwa na uchoyo wa kitoto. Nilikusamehe siku ile ile."

"Sasa alikufa na nini?"

Aliangalia kwanza kama binti yangu yuko mbali.

"Hatukuwaambia watoto. Hatukumwambia mtu. Wangesema nyumba ile ina damu mbaya, msioe kwao." Akalichukua gemu mkononi mwangu, akalizima. "Mwana wanje, mwanangu, gemu halinyonyi kitu. Mdogo wako alizaliwa na sikoseli, damu inayojivunja yenyewe humo humo mwilini, nusu yangu, nusu ya baba yako. Daktari alituambia akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Wewe hukumuua. Ulimnyima gemu siku mbili, basi."