Vile tulikuwa tunamwita winga wetu mlalaji, kumbe kulala ndio kitu hakuwa amefanya

Wakuu, niaje. Wale mko kazini someni mkijificha boss asiwaone. Hii story sijaambiwa na mtu, nilikuwa hapo. Watu wa Thika watajua ni nani hata bila mimi kutaja timu.

Mimi naitwa Wekesa, ni fundi wa mashine kwa kiwanda moja Thika, naishi Ruiru. Wikendi yangu ni mpira. Si ule wa TV, ni ule wetu wa ligi ya chini, wenye mashabiki ni sisi na watoto wetu.

Tuko na winga anaitwa Brayo. Kijana mwembamba, mguu wa kushoto. Akiamka vizuri, beki anatamani kwenda nyumbani mapema. Anakupita ndani, anakungoja, anakupita tena. Hata mama wa njugu anaacha biashara anasimama.

Lakini Jumamosi ingine, wuui! Mpira unapita hapo miguuni anauangalia tu. Anakimbia mara moja halafu anashika magoti.

WhatsApp group yetu ikagawanyika kabisa. Wengine wakasema ni dem, msichana anamkesha. Wengine ati ni kiburi. Kuna mmoja wa Membley alituandikia essay ndefu juu ya "mentality", nikaisoma nusu nikaenda kuoga. Mimi nilikuwa namtetea Brayo, lakini point sikuwa nayo. Nilimpenda tu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Baba Njoki. Huyu ni beshte yangu, tunafanya kiwanda moja. Zamani alikuwa packing, kule bidhaa zinafungwa, siku hizi yuko stoo. Ako na sauti ya kuita mtu aliye Juja. Na zile r na l za Wakikuyu zinabadilishana mdomoni, Brayo akipoteza mpira tu, mzee anasimama: "Umerara! Kocha, toa huyu, amerara!"

Msicheke sana. Yeye hunicheka vile kwa lafudhi yetu ya Kiluhya nasema "pasi" nikimaanisha basi la abiria, kwa hivyo tuko sare.

Kelele ikamfikia kocha. Akasema wazi mbele ya timu nzima: Brayo akiharibu mechi mbili zingine, atafute timu. Hakuna mtu alijua huyo kijana hana kitu ingine anaipenda hivyo.

Sasa sikizeni. Jumamosi moja asubuhi mashine ikakwama, nikaitwa. Kufika gate, watu wa night wanatoka. Katikati yao namwona Brayo, macho nyekundu, kofia ya packing bado kichwani, begi ya viatu vya mpira mgongoni.

"Brayo? Unafanya nini hapa?"

Akashtuka kama ameshikwa na kitu ya wizi. "Niko casual hapa, kibarua tu, bro Wekesa. Wiki moja day, wiki moja night. Hii ni ya night."

"Na leo si kuna game?"

"Nacheza. Please usiambie kocha. Akijua, atatafuta mtu ako free."

"Utalala saa ngapi?"

"Nikilala siamki, nikose game. Huwa nakaa tu."

Wakuu, nikaanza kuhesabu Jumamosi zake hapo hapo gate. Wiki ya day, moto. Wiki ya night, maji baridi. Sisi ni watu wa viwanda, maisha yetu yote ni day na night, hata harusi tunapanga na shift. Lakini kiwanda ni kikubwa, casual ni wengi, na hakuna hata mmoja wetu aliona. Tukasema ni dem!

Mchana nikaenda uwanjani. Brayo akacheza vile mnafikiria. Baba Njoki akasimama, akajaza kifua. "Umera..."

Nikamvuta na koti. "Keti. Huyo hajalala hata dakika moja. Ametoka packing asubuhi ya leo. Packing yako ya zamani."

"Atĩ?"

"Ako night."

Akaketi. Akamfuata Brayo na macho mpaka halftime.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Hiyo night naijua. Mimi nirirara kwa harusi ya ndugu yangu, na mimi ndio best man."

Akafuta macho na kofia. Nikajifanya naangalia wachezaji.

Na kabla hamjaniuliza, ahadi sikuvunja. Niliambiwa nisimwambie kocha. Baba Njoki si kocha, ingawa yeye hufikiria ni kocha.

Hiyo ilikuwa mechi moja imeharibika. Jumamosi iliyofuata, wiki ya day, akacheza moto, lakini ile ya kuamua ikaangukia tena wiki ya night. Baba Njoki akaenda kwa supervisor wa packing, mtu alifundishwa hiyo kazi na yeye, akamwambia Ijumaa night ya Brayo ataifanya yeye. Akachukua off yake stoo. Halafu akamngojea kijana kwa gate.

Brayo akakataa. "Mzee, siwezi. Si wewe ndio hunipigia kelele kila Jumamosi?"

"Ndio maana," Baba Njoki akamjibu. "Enda nyumbani kwenu Theta urare, kahii gaka, kijana wewe. Ukicheza vibaya na umerara, hapo nitakutukana na haki yangu."

Jumamosi ikafika. Mzee akatoka kiwandani moja kwa moja mpaka uwanjani. Nikamwambia aende nyumbani apumzike, akaniuliza kama mimi ni mama yake. Kabla refa apulize kipenga, kichwa kilikuwa kwa bega langu, mdomo wazi, anakoroma.

First half Brayo hakufanya kitu ya maana. Ni wasiwasi. Lakini hakuna mtu alimfokea, maanake stori ilikuwa imezunguka upande wetu wote.

Second half akapata mpira pale kwa line. Akampita wa kwanza. Akaingia ndani, akampita mwingine, akapiga chini na kushoto. Wavu!

Tukaruka wote. Na mama wa njugu, Mungu ambariki, akatugeukia na kidole mdomoni. "Shhh!"

Wakuu, umati mzima mikono juu, midomo wazi, na hakuna sauti. Tukakumbatiana kimya kimya kama mabubu. Mashabiki wa ile timu ingine walifikiria tumerogwa.

Brayo akakuja mbio upande wetu, anataka kupiga nduru. Akaona mzee kwa bega langu. Akasimama. Akamwangalia kidogo, kisha akarudi uwanjani akikanyaga polepole, vile mtu anatoka kwa chumba yenye kuna mtoto mchanga.

Nililia. Siwezi kuwadanganya.

Baba Njoki akaamka watu wakienda. "Mechi imekwisha? Brayo amecheza aje?"

"Amefunga. Tumeshinda. Kocha amesema anabaki."

Akaniangalia. "Na mbona hamkuniamsha?"

Mimi nilichojifunza ni kidogo tu: kabla umalize mtu na mdomo, uliza kwanza wiki hii ako wapi. Brayo bado ako na siku mbaya, hata akiwa amelala vizuri. Ni winga, tutafanya nini.

Lakini lile swali la mzee, kila Jumatatu ananiuliza tena. Nisaidieni hapa chini: nyinyi mngemwamsha?