Mgonjwa wa Kuazima: Kutoka Riyadh hadi Jidda

Safari hii ilitokana na ukaidi wa shangazi yangu, Bi Zuwena. Lau angekuwa mtu wa kusikia la mkuu au la mdogo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia nyinyi jamaa zangu mlioko Unguja. Yeye ndiye aliyenilea hapa Riyadh, katika nyumba yetu ya mtaa wa Shumaisi. Saratani ilipomwingia mifupani, madaktari walituita wakatwambia kwa upole kwamba dawa za kutibu zimekwisha, zimebaki za kutuliza. Mwanawe Nassor, anayefanya kazi Jidda, akapata huko nyumba ndogo inayotunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Si hospitali, si nyumba ya mtu, ni kitu cha katikati. Shangazi akakataa katakata.

"Mie siendi kukaa foleni ya kufa," alisema.

Nassor alimbembeleza kwa simu mpaka akalainika, lakini kwa sharti. Mnajua desturi yetu: kabla ya posa kupelekwa, wanawake wa upande wa mume huzuka nyumbani kwa binti bila ya taarifa, wakajifanya wanapita njia. Huko hutazama choo, jiko, na namna binti anavyomjibu mama yake. Shangazi amewatazama mabinti wa ukoo mzima kwa mtindo huo, na wapo ambao hawajamsamehe hadi leo. Basi na nyumba ya wagonjwa ataitazama vivyo hivyo.

"Nikenda kama mgonjwa mwenyewe wataniwekea maua," alisema. "Tutakwenda siku moja kabla ya ile aliyoipanga Nassor. Na mgonjwa utakuwa wewe."

Mimi, Rukia, ambaye sijapata kulazwa hospitali tangu siku niliyozaliwa, na ambaye mafundi wenzangu wa cherehani huniita Bi Shibe. Hata hivyo nilikubali haraka, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu moyoni. Sikutaka Shangazi aondoke nyumbani. Nilikuwa nikimwogesha, nikimpikia uji na kumpa dawa zake kwa mkono wangu, na sikuona ni nani wa kunishinda. Nilikwenda Jidda kutafuta uchafu, na uchafu ukiutafuta kwa moyo mmoja huukosi.

Asubuhi ya safari, Shangazi alinikalisha mbele ya kioo akanipaka poda usoni mpaka nikafanana na mtu aliyeanguka ndani ya gunia la unga. Chai alininyima, ati mgonjwa hanywi chai kwa maandazi. Yeye mwenyewe alivaa magauni mawili chini ya abaya yake ili mwili uonekane umejaa, akajifukiza udi, akatia wanja. Alipendeza, na nilimwambia hivyo. Akaniamuru nianze kukohoa. Nikamkumbusha kwamba ugonjwa wenyewe hauna kikohozi. Akasema kikohozi hakijapata kumharibia mtu ugonjwa wake.

Uwanja wa ndege wa Riyadh tulikuta kiti cha magurudumu kinatungoja, maana Shangazi alikwishakiomba kwa jina langu. Kijana wa uwanjani alitaka kunisukuma, Shangazi akamfukuza. "Mafi, mafi, hapana," alimwambia, "huyu ni wangu, namsukuma mwenyewe." Tukaenda taratibu mno, kituo kwa kituo. Watu walitupisha kwa huruma, na mama mmoja aliniombea dua ndefu huku akinishika kichwa, nami nikaitikia amin kwa sauti ya kufifia huku tumbo likinguruma kwa njaa. Niliona Shangazi anachelewesha makusudi ili tutazamwe na watu wengi zaidi. Ndivyo nilivyodhani wakati ule.

Ndani ya ndege tuliletewa wali na kuku. Nilipokunjua kitambaa cha kutandika mapajani, Shangazi alinivuta mkono. "Mgonjwa gani anamaliza kuku?" Akamwambia mhudumu kwamba mimi ni wa maji tu. Chakula chake hakukigusa. Alikifunga kwenye karatasi akakitia mkobani, na tulipokwenda msalani pamoja alinilisha huko, paja zima, kama paka wa wizi. Alikuwa amejikunyata ukutani akicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Jidda ilitupokea kwa fukuto. Sisi wa Riyadh tumezoea joto kavu, lakini la Jidda ni bichi, linakukumbatia kama jamaa uliyekuwa ukimkwepa. Poda yangu ilianza kushuka shingoni ndani ya teksi, kiti cha magurudumu tulichokodi uwanjani kikiwa nyuma. Dereva alituteremsha kwenye nyumba ya ghorofa mbili, yenye mitende mlangoni na mteremko wa saruji wa kupandishia viti, Shangazi akanisukuma hadi mlangoni. Hapakuwa na kibao kikubwa wala mlinzi mkali.

Aliyetufungulia alikuwa nesi mrefu, mweusi, mwenye miwani. Alitusalimu kwa Kiarabu, na Shangazi akamweleza kwa Kiarabu kwamba huyu mtoto wake ni mgonjwa na wamekuja kuona mahali tu. Nesi hakuuliza barua wala miadi. Alitukaribisha ndani, akatwambia tutembee tutakako, akawa anatufuata kwa nyuma.

Hapo ndipo tulipojiachia. Lugha yetu tumeizoea kuwa pazia. Sokoni, hospitali, mbele ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mtu, Mzanzibari wa Riyadh husema atakalo kwa Kiswahili huku anatabasamu kwa Kiarabu. Shangazi akatoa hukumu zake kwa sauti ya kawaida kabisa. Pazia la ukumbini lina rangi ya maharage yaliyochacha. Nesi mwenyewe mrefu, ataweza kuinama huyu? Nami nikachangia, kwa vile nilikuwa na haja zangu: "Hata sindano sijui kama anaijua. Mtazame mikono ilivyo mikubwa."

Kwanza tulikwenda chooni. Shangazi alipitisha kidole nyuma ya bomba, akanusa taulo, akatikisa mkono wa chuma uliopigiliwa ukutani kuona kama utambeba mtu. Halafu jikoni, ambako aliuliza supu inachujwa saa ngapi na inachujwa na nani. Nilikuwa naomba Mungu atokee japo mende mmoja. Hakutokea.

Katika chumba cha mwanzo alilala bibi wa Kihijazi, mwenyeji wa huko, aliyekwisha kwa wembamba. Shangazi alimuuliza hali ya hapo. Yule bibi akaanza: chai yao nyepesi, mto mgumu, na jana walimwogesha kabla hajataka, akawagombeza. Nesi alikuwa amesimama pale pale mlangoni, akasema mto umekwishaagizwa mwingine. Moyo wangu ulipanda kwa furaha. Nikamnong'oneza Shangazi, "Umesikia? Mahali pabaya hapa."

"Wewe huna akili," alinijibu. "Hukuona? Kasema ubaya wao wote na hata mara moja hakutazama mlangoni. Hawamtishi."

Tukapewa chumba kitupu tupumzike. Shangazi akanilaza kitandani, akaniamuru nibonyeze kengele na nigumie, na yeye akaanza kusoma Alhamdu kupima muda. Hajaifikisha mwisho, nesi kaingia. Alinishika mshipa wa mkono, akaniangalia uso wenye michirizi ya poda, akauliza naumwa wapi.

"Tumboni," nilisema.

"Mgongoni," Shangazi alisema, wakati ule ule.

Nesi alitutazama kwa zamu bila ya kucheka. Kisha akatoka, akarudi na kiti chenye mto mnene na shali, akakiweka nyuma ya Shangazi. Akamwambia kwa Kiarabu apumzike.

"Mgonjwa ni huyu," Shangazi alisema.

"Huyo ameshalala," nesi alijibu.

Shangazi akanigeukia, akanong'ona kwa Kiswahili, "Ruki, huyu kanijua?"

"Nimekujua tangu mlangoni, Mum," nesi alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Mtu akisukuma kiti, anaangalia mbele. Wewe ulikuwa umekiegemea, ndiyo usianguke. Mimi naitwa Chebet, natoka Eldoret. Nilitaka kuwaambia mapema, lakini mlikuwa mnanimaliza vizuri, nikaona acha nisikilize tu. Na sindano naijua."

Nilitamani godoro linimeze. Nilikumbuka ule mwendo wa taratibu pale uwanjani, na njia nzima nikiwa nimekaa kama malkia juu ya fimbo yake ya kutembelea.  Shangazi alikaa kwenye kile kiti polepole, akafunga macho, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Magauni mawili yale hayakuwa na mtu ndani.

"Sasa niambie ukweli, Mum," Chebet alisema, akichuchumaa mbele yake. Akainama vizuri tu. "Unaumwa wapi?"

"Ruki," Shangazi alisema bila ya kufumbua macho, "nenda kanitazamie ile supu."

Nilitoka, lakini jikoni sikufika. Nilisimama ukumbini kando ya lile pazia tulilolicheka, na nilisikia yote. Alimwambia Chebet kwamba nyonga zinamkata usiku kucha, kwamba wiki nyingi sasa hajalala. Maumivu yakizidi hutia pembe ya kanga mdomoni akaiuma asitoe sauti. Kidonge alichoambiwa akiombe maumivu yakimshika, humwambia yule mtoto kwamba hakihitaji.

"Kwa nini, Mum?"

"Akijua hatalala na yeye. Kutwa yuko kwenye cherehani. Kila asubuhi huniuliza umelalaje, mie humwambia sijambo, nimelala kama mtoto. Hufurahi sana."

Mimi ndiye niliyekuwa nikifurahi. Nilikuwa nikiwasimulia majirani jinsi anavyolala. Nililia pale ukumbini, na poda iliyobaki ikaondoka yote. Kwa mara ya kwanza siku ile nilionekana mgonjwa wa kweli.

Adhuhuri daktari alikuja, akasoma ripoti za Riyadh nilizokuwa nazo mkobani, akamuuliza Shangazi maswali mengi na kumsikiliza kila jibu mpaka mwisho. Nassor naye, alipopigiwa simu, alikuja mbio kutoka kazini, akatugombeza wote wawili, kisha akacheka alipoona hali ya uso wangu. Shangazi akapewa dawa. Baada ya muda mikunjo ya kipaji cha uso ilimlegea, akalala, mdomo wazi, akikoroma. Nilikaa naye mpaka magharibi nikisikiliza mkoromo ule. Nyumbani sikuwa nimeusikia kwa muda mrefu, na sikuwahi kujiuliza umekwenda wapi.

Asubuhi ya pili alisema anabaki.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilimtajia pazia, nikamtajia chai nyepesi na mto wa yule bibi, nikamwambia fukuto la Jidda litamchosha na kwamba jirani zetu wa Shumaisi watamkosa. Aliniacha nimalize, akanivuta nikae karibu naye kitandani.

"Ruki, wewe umenitunza vizuri. Lakini kule kwetu mie nina kazi mbili, kuumwa na kukuficha. Nimechoka. Hapa nina moja tu."

 Chebet aliingia na chai, nyepesi kweli, na Shangazi akaanza kumfundisha namna ya kuichemsha na iliki. Wakaanza kubishana, na mimi nikapata nafasi ya kufuta macho.

Nilirudi Riyadh peke yangu jioni ile. Kuku niliyeletewa ndani ya ndege nilimla wote mbele za watu, na hakuwa na ladha. Nilipofika Shumaisi nilikunja matandiko yake, na kanga yake niliikuta na pembe iliyotafunika, nyuzi zikining'inia. Nilikuwa nimeifua kanga ile mara nyingi kwa mikono yangu.

Mkiniuliza nimejifunza nini Jidda, nitawaambia kwamba nilikwenda kuikagua nyumba ya watu nikakuta sijapata kuikagua yangu. Usafi wetu haukuwa na dosari, uji ulikuwa mzuri, na mapenzi yalikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye mgonjwa halazimiki kumliwaza. Kazi hiyo ni ngumu kwa anayempenda, lakini nadhani inaweza kufundishika.

Kwa sababu wiki iliyofuata nilimpigia simu asubuhi, nikamuuliza amelalaje. 

"Leo naumwa, mwanangu," alisema. "Naumwa sana. Una nafasi ya kunisikiliza?"

Nikaizima cherehani, nikakaa chini.