Mafuta ya Nazi Juu ya Boneti

Baba yangu alikuwa akilipaka gari lake mafuta ya nazi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani baadaye nimetia chumvi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, alitoka na chupa na kitambaa, akapaka boneti, milango na paa, kama mama alivyotupaka sisi miguu kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Sisi ni watu wa Mombasa. Kwetu kilichopauka hupakwa mafuta, kiwe kichwa, kiti au mlango. Kwa nusu saa gari liling'aa kweli, kisha vumbi la Nairobi likaja kunata.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Baba alikuwa na duka la kofia, kanzu na ubani katikati ya mji, naye alikaa orofa ya juu ya duka hilo hilo. Mimi nilikuwa karani katika ofisi iliyokuwa hatua chache kutoka hapo, nikikaa Woodley na mke wangu, kwenye nyumba ya baraza la mji yenye ua na kivuli kizuri. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo baba hakuwahi kuniachia kitu nikitengeneze. Nikishika bisibisi, aliichukua. "Mkono wako ni wa kalamu huo," alikuwa akisema, kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio uliokuwa ukiniudhi.

Mwaka aliokwenda Hija aliniletea gari Woodley, kwa kuwa mjini hakuwa na pa kuliacha muda wote huo. Alinipa ufunguo mbele ya mke wangu.

"Hii ni amana," alisema. "Liwashe mara mbili kwa juma. Usende nalo popote mpaka siku ya kunipokea."

Alipoondoka nililizunguka. Lilikuwa gari la buluu, lakini ungeapa ni la kijivu. Hapo hapo niliamua kwamba akirudi atalikuta linang'aa, na kwamba mkono utakaoling'arisha ni huu huu wa kalamu. Kulisugua hakunikataza. Maneno yake niliyakumbuka moja moja, kama wakili.

Jirani yangu alikuwa fundi wa rangi katika gereji moja ya Westlands, mtu wa magharibi mwa nchi, mcheshi, ambaye Jumapili hakosi kanisani. Alikuwa na mashine kuukuu ya kupigia polishi aliyopewa na tajiri wake: dude zito lenye mpini, na mbele yake sahani ya kuzunguka iliyovishwa manyoya ya kondoo. Jumamosi ya kwanza alinikopesha, akasema atakuja kunionyesha baada ya chai. Sikumngoja. Nilipitisha waya kwenye dirisha la jikoni, nikapaka dawa ya kusugulia mlangoni, nikawasha.

Mafuta yale yalikuwa ya miaka mingi. Yalikuwa yameshikana na vumbi yakawa kama utomvu, na manyoya yalipoyakamata, mashine ilianza kunguruma na kurusha matope mpaka kwenye shuka za mke wangu zilizokuwa kambani. Fundi alifika wakati huo. Alipitisha kidole mlangoni, akanusa.

"Karani, hii gari mlikuwa mnaipikia nini?"

"Ni mafuta ya nazi."

"Ya nazi! Woi, bwana. Sasa hii si gari, hii ni mandazi." Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Aliposimama alinipokonya mashine. "Sikia. Kwanza tunatoa mafuta. Sabuni, maji moto, halafu kitambaa na mafuta taa kidogo. Mashine inakuja mwisho."

Jumamosi hiyo yote tuliosha. Jumamosi ya pili ndipo aliponifundisha. Dawa kidogo, mahali padogo, upana wa gazeti lililofunguliwa. Sahani ilale bapa. Mashine iwe inatembea tu, isisimame hata kidogo. "Na usisukume," alisema. "Uzito yake inatosha. Wewe ni kuipeleka tu, kama ng'ombe inaenda kukunywa maji."

Manyoya yalipogeuka buluu nilishtuka, nikadhani nalichuna gari la watu. Fundi akaniambia hiyo ni rangi iliyokufa kwa jua, iliyo hai iko chini yake. Nilipofuta kwa kitambaa niliona ndani ya mlango paa la nyumba, ua, na uso wangu mwenyewe. Nilifurahi mno! Nilimwita mke wangu aje ajitazame, akaja, akatengeneza ushungi wake, akasema kioo cha chumbani sasa tumpe mtu.

Nasema bila haya: nilikuwa mwepesi wa kujifunza. Siku chache zilizofuata nilimaliza milango, paa na madigadi zote, na fundi mwenyewe akasema kuna vijana wa gereji wasionifikia. Jumapili moja ilinikuta nimebakiza boneti na buti tu. Fundi alikuwa kanisani, na alikuwa ameniambia boneti nisiiguse mpaka arudi. Mimi, kwa sifa zile, niliona arudi kufanya nini?

Katikati ya boneti ulipita ukingo kama uti wa mgongo. Nilitaka ukingo ule ung'ae kuliko vyote, kwa sababu ndio baba angeutazama kila akishika usukani. Nikasukuma. Nilisikia harufu ya kuungua, nikainua mashine haraka, na juu ya ukingo palikuwa na doa la kijivu, upana wa kidole gumba. Rangi ya buluu ilikuwa imekwisha pale, imebaki ile ya msingi inayotangulia kupakwa kwenye bati.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, nimekuwa mtoto wa miaka saba aliyevunja kikombe cha baba. Mke wangu alitoka akatazama.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Wewe umeunguza boneti."

Ningemkasirikia lau asingekuwa amesema kweli.

Fundi aliporudi hakucheka. Alinieleza kwamba kwenye ukingo rangi huwa nyembamba, ndiyo maana alitaka awepo. "Lakini hii ni kitu ndogo. Nachanganya rangi huko Westlands, napaka hapa, mzee hawezi jua."

Nilimwomba siku moja nifikiri. Kesho yake ofisini nilichapa barua mbili, zote na makosa. Niliona kwamba doa likifichwa, baba akanisifu, sifa yenyewe sitaweza kuipokea, kwa kuwa chini yake nitakuwa nimepaka uongo. Na amana ikiharibika mkononi mwako, mwenye mali huzisikia habari zake kwako wewe. Nilimwambia fundi asubiri mpaka baba alione. Aliniona mjinga na akanitamkia hivyo. Buti sikuligusa tena, mikono ilikataa.

Siku ya kuwapokea mahujaji tulikwenda uwanja wa ndege wa Embakasi na jamaa, madufu ya kupigia kasida na marashi. Mke wangu alikuwa ametunga koja la asmini alitandaze juu ya boneti, nikamkataza, akanuna njia nzima. Baba alitoka amekonda, ameiva kwa jua. Tulimbusu mikono, tukamleta hadi penye magari. Akasimama ubavuni mwa gari lake, akatazama huku na huku.

"Gari langu li wapi?"

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliinama, akajiona mlangoni, akashika ndevu zake. Kabla hajasema neno nilimshika mkono, nikamwongoza mpaka kwenye boneti, nikakiweka kidole chake juu ya doa.

"Hapa niliunguza, baba. Ni mimi. Niliambiwa nisisukume, nikasukuma."

Alilipapasa doa, kisha akaingia garini, tukarudi mjini. Juma zima alipokea wageni waliokuja kuombewa dua, akawagawia tende na maji ya zamzam. Nami nilipewa tende yangu kama wengine, na habari ya gari haikutajwa. Iliniuma sana. Nilijiambia kwamba nimerudi kuwa mtu wa kalamu, tena mwenye hatia.

Jumamosi iliyofuata baba alikuja Woodley peke yake. Alishuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari.

"Buti mbona hukulimaliza?"

"Niliogopa, baba."

"Na lile doa ungeweza kulificha. Mafundi tele mjini."

"Ningeweza."

Alivua saa, akaitia mfukoni, akaanza kukunja mikono ya kanzu.

"Haya. Mashine i wapi?"

Niliiendea kwa jirani mbio. Nilimsimamisha baba nyuma ya buti, nikamwekea mikono kwenye mashine, mmoja huku, mmoja kule. Mikono yake ilikuwa imezeeka kuliko nilivyojua. Nilipowasha, mashine ilimvuta kidogo, akaituliza, akaisogeza taratibu. Kisha akanigeukia, matone ya dawa yamemrukia mpaka kwenye miwani.

"Hivi?" aliniuliza.

"Hivyo hivyo, baba."

Tangu nizaliwe baba alikuwa akiniuliza maswali ambayo majibu yake anayo. Hilo lilikuwa la kwanza ambalo jibu lake nilikuwa nalo mimi.