Safu ya Mwisho ya Rejista

Sikumpenda mtafiti yule tangu siku ya kwanza, wala sikujisumbua kuficha. Alikuja kwenye kituo chetu cha afya, upande wa Yatta, akiwa na kompyuta ndogo ndani ya mkoba mweusi na barua yenye mihuri mitatu. Alitaka kupitia rejista zetu za kifua kikuu, ili ijulikane kwa nini wagonjwa wengi huacha dawa kabla ya kumaliza. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa rekodi. Mhuri mmoja ungenitosha. Ile mihuri mitatu ilinitia shaka.

Nilikuwa na sababu yangu. Ndani ya rejista ile alikuwamo mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa ameolewa Katangi, na ukweni alisema anatibiwa vidonda vya tumbo. Miaka ile, mwanamke kijana akisikika anameza dawa za kifua, watu walijimalizia hadithi wenyewe: ana ule ugonjwa mwingine, basi huyo wa kuzikwa. Mama mkwe wake alikuwa ameshamfukuza mke wa mwanawe mkubwa kwa sababu ya kikohozi tu, na watoto wakabaki. Mdogo wangu alikuwa na wawili.

Daktari wa kituo alitukalisha ofisini kwake tukubaliane.

"Rejista haitoki hapa," nilisema. "Majina hutaona. Na mimi nitakuwa nimeketi hapo hapo."

"Hiyo ni sawa," mtafiti akajibu.

Alikubali upesi mno. Mtu anayekubali upesi hivyo, nilijiambia, ana mlango mwingine anaoujua.

Nikakata ukanda wa karatasi ya manila, nikawa naubana kwa pini juu ya safu ya majina, ukurasa baada ya ukurasa. Kila mgonjwa akawa namba. Orodha ya kuunganisha namba na majina niliifungia kabatini kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja wangu na mwingine wa daktari. Mtafiti alinakili kwa mkono kwenye fomu zake, nami nikimkodolea macho kutoka meza ya pili. Jioni nilimwambia afungue mkoba. Aliufungua bila neno, nikapekua hadi kitambaa chake cha kufutia jasho. Ukimya wake uliniudhi. Ningefurahi kama angenitukana walau mara moja, nijue nimemgusa.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, akaniita mezani kwake.

"Madam, kuja uone kitu." Alishusha sauti. "Jana nilienda soko ya Katangi kununua ndengu. Mama mwenye aliniuzia, nyumba yake iko nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, iko na mabati nyekundu. Kijana wake anaendesha lori ya mchanga. Sijawahi kumwona huyo mama maishani, lakini nilimjua."

Akaweka kidole kwenye safu ya mwisho ya rejista.

Kwetu nyumba hazina namba. Mgonjwa akikosa kuja kuchukua dawa, mtu wa kumfuata huhitaji kuelekezwa, na kazi ya kuandika maelekezo ilikuwa yangu. Daktari alikuwa akinisifu kwa hayo; alisema ukifuata maandishi yangu hupotei hata ukiwa umefumba macho. Pale kwenye kidole chake, kwenye mstari wa mdogo wangu, palikuwa na mwandiko wangu: nyuma ya posho mill, mabati mekundu, mume dereva wa lori la mchanga, mama mkwe anauza ndengu. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeyalinda majina, na safu hii nilikuwa nimeiacha wazi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa baya. Nilidhani anataka kunibana.

"Unataka nini?" nikamwuliza.

"Nataka twende Machakos saa hii. Hiyo safu nimeiandika kwa fomu zote, nilitaka kujua watu wanatembea mbali kiasi gani. Fomu ziko ofisini huko. Kesho zinaanza kuingizwa kwa kompyuta, na mmoja wa wenye wataziingiza ni msichana wa Katangi."

Njia nzima nilikuwa naogopa, na bado nilikuwa nikijiuliza kama ananipeleka mahali pa kunifanya nitie sahihi jambo nisilolijua.

Ofisi aliyokodi ilikuwa juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kiislamu, pale mjini. Mwenye duka alitupatia ufunguo na, tulipomwomba, makasi yake makubwa ya kukatia vitambaa. Tulizihesabu fomu mara mbili, hakuna iliyopungua. Kisha tukakata safu ya mwisho, fomu moja moja. Namba ya mdogo wangu niliijua kwa moyo. Ile niliikata mwenyewe. Vipande tulivichoma kwenye ndoo nyuma ya duka, na nikasimama pale hadi moshi ukaisha.

Tangu siku hiyo kila fomu ilipita kwangu kwanza, nami nikajiuliza swali moja: mtu wa Katangi akisoma hii, atamjua nani? Badala ya maelekezo ya nyumba tukaandika saa za kutembea tu. Mtafiti alisema kazi yake ilikuwa inamkosa mtu mwenye shaka kama mimi. Hata hivyo, mkoba wake niliendelea kuupekua.

Ijumaa mdogo wangu akaja kumeza dawa, akipitia mlango wa nyuma kama kawaida yake. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha.

"Mwana a mwaitu," akasema. Ndivyo tulivyoitana tangu utotoni, mtoto wa mama yangu. "Hiyo siku ukiandika, mimi nilikuwa nimeketi hapa nakuona. Niliona ukiandika mpaka ndengu. Nilitaka kukuambia uache. Halafu nikasema, huyu ni dada yangu, hawezi kuandika kitu itaniumiza."

Akameza vidonge vyake mbele yangu, nami nikatia alama ya siku hiyo kwenye rejista.