Mgongo wa Mama Amani

Naweka dau jogoo wangu, yule mwekundu anayewika saa tisa bila kuulizwa, kwamba hakuna atakayeniamini: wiki tatu baada ya kumzika mama yangu, sura yake ilinitoka kichwani. Sio nimesahau kidogo. Imetoka yote. Nikifumba macho naona kitambaa chake cha kichwani, chini yake hamna mtu.

Na mimi si mtu wa kusahau. Shule niliacha darasa la tano, sawa, lakini pale bandarini namjua kila kuli kwa kikohozi chake, na gunia la korosho nabeba huku natania. Hata msibani nilitania. Kulia, sikulia. Watu wakasema Amani kajikaza. Sikujikaza chochote. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaubinya tu kwa kuwa unajua ni wako.

Picha ya mama ilikuwa moja, ya kadi ya kura, nayo imefutika. Basi nikaenda kwa Fredi, mchongaji. Fredi ni Mmakonde, mimi Mmakua, kwa hiyo ni mtani wangu. Ndiye aliyeingia kaburini siku ya mazishi akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, hawezi kumwachia Mama Amani bure bure. Tukampa kuku. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, meno tu.

Banda lao liko njia ya Mikindani. Wachongaji sita wamekaa chini, kila mmoja kabana gogo kwa nyayo, tezo zinagonga.

"Hodi, wala panya!"

"Panya mmewamaliza ninyi Wamakua," Fredi akajibu bila kuinua kichwa. "Umeleta kuku wa pili?"

"Nataka unichongee mama. Na uwe mpingo kweli. Usinipakie mti wowote kiwi ya viatu kama unavyowafanyia wazungu."

Tezo yake ikasimama. Nikafungua mdomo nimweleze uso, nikakuta sina kitu.

"Uso acha," akasema. "Alikuwa anakaaje?"

Hapo maneno yakaja. Nikamwambia alikaa kanyoosha miguu, mgongo wima, anamenya mihogo, hata akiwa na homa haegemei ukuta. Shamba la Mtawanya alililima peke yake tangu baba afe. Mikorosho kumi na mmoja, kila mmoja kaupa jina la mtu aliyemuudhi, ili akifyeka chini yake autukane vizuri. Mmoja uliitwa Amani, na ndio uliokuwa unatukanwa zaidi. Akicheka, alifunika mdomo kwa kiganja cha kushoto. Fredi anasikiliza, anageuza geuza gogo. Hapimi, haandiki.

Nikarudi baada ya wiki mbili. Kinyago kiko juu ya gunia. Ile sehemu nyeupe ya mpingo kaiacha juu, imekuwa kitambaa cha kichwa. Miguu imenyooshwa. Kiganja kiko mdomoni, uso unaonekana nusu. Bega likawa la mama, nikalijua palepale. Kuna kitu kilitaka kusogea kifuani.

Kisha nikakigeuza. Mgongo mzima umejaa chale, mistari imekunjwa kunjwa kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Fredi, utani una mpaka. Mama yangu alikuwa mama wa kanisa. Hakuchanjwa. Hapa umemchonga bibi yako."

"Sijatania."

"Mimi nimebebwa na mgongo ule, naujua kuliko wewe! Futa kwa msasa, au baki nacho."

"Ulibebwa juu ya gauni, mtani."

Hakuniongezea hata tusi moja. Hapo nikaogopa, maana mtani asiyerudisha tusi ama anaumwa ama anasema kweli. Akamwita mkewe, Agnes, aliyekuwa anapiga vijiko msasa nyuma ya banda. Agnes ni mmoja wa watani waliomwosha mama.

Akajifuta mikono. "Shemeji, zipo. Mistari saba. Niliihesabu nikimmwagia maji. Fredi aliponiuliza nikamchorea kwa mkaa."

"Mbona mama hakuniambia?"

Agnes akamtazama mumewe. Fredi akatazama tezo.

"Mimi aliniambia kisimani, zamani," akasema Agnes. "Alichanjwa akiwa mwali, kabla ya kubatizwa. Hakuona aibu. Alisema tu, huyu Amani akijua, kesho bandari nzima inacheka mgongo wangu."

Wachongaji wote sita wakawa wanangoja nichekeshe. Nikakifunga kinyago kwenye gunia, nikaondoka.

Kiko juu ya kabati, kimegeukia ukutani, mgongo ndio unanitazama. Sura bado haijarudi. Nikitoka bandarini napitisha kidole kwenye ile mistari, mmoja mmoja, hadi saba. Sisikii kitu. Kesho yake napitisha tena. Bandarini wameniuliza mzigo wa kwenye gunia ulikuwa nini, nikasema mbao.

Nilisema naujua mgongo wa mama yangu. Nilikosea.