Kaburi Nililolihamisha kwa Kalamu

Sijawahi kufika Ujerumani. Hata hivyo kuna kijiji kimoja huko ambacho ningeweza kukuelekeza nyumba kwa nyumba, kuanzia kinu cha maji upande wa kusini hadi jiwe la mwisho la mpaka. Ungenifuata salama karibu njia yote. Mahali pamoja tu ningekupoteza, kwa sababu mahali hapo nilipatunga mwenyewe, nimekaa garini, kalamu mkononi.

Nilikuwa mtunzaji katika nyumba ya wazee huko Roseville, Amerika. Nilikuwa nimevuka miaka sitini na tano. Kwetu Kenya watu wa rika langu walikuwa wanaletewa uji kitandani. Mimi nilikuwa napeleka uji kwenye vitanda vya wengine. Usiku nilifanya usafi katika hospitali moja ya Minneapolis, na asubuhi nikaingia Roseville. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Wengi wetu waliishi hivyo na hawakufanya nililofanya.

Miongoni mwa niliowahudumia alikuwa bibi mmoja wa miaka tisini na ushei, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuja Amerika akiwa mke kijana. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Alikuwa na binti mmoja, mama mtu mzima anayeishi Saint Paul, ambaye alikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Siku moja binti huyo alileta barua kutoka kijiji alikozaliwa mama yake. Wanakijiji walikuwa wanatengeneza kitabu kidogo cha historia na jiografia yao, na waliwaomba wote walioondoka waandike wanachokumbuka.

Vidole vya bibi vilikuwa vimekunjamana kwa baridi yabisi. Hata kijiko kilimshinda. Binti akataka kumrekodi kwa simu. Bibi akakataa.

"Simu haiulizi swali," alisema. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nakunja shuka. "Huyu anapenda kuuliza. Wewe, unajua jiografia?"

"Mama, nilimaliza kidato cha nne. Kwenye jiografia nilikuwa wa pili darasani."

"Na wa kwanza?"

"Msichana mmoja."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi nimepata wa pili. Atanitosha."

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikuwa na kama nusu saa kabla ya kuwabadilisha wengine nguo. Nilivuta kiti karibu na dirisha lake, naye akaanza kusema, kwa Kiingereza chake kizito kilichokaa mdomoni kama mkate mbichi.

Kijiji chake kilikaa kati ya vilima viwili vifupi. Kijito kiliingia kutoka kusini, kikazungusha kinu, kikapita nyuma ya kanisa na kutokea upande wa pili. Waliokaa juu ya kanisa waliitwa watu wa juu, na waliokaa chini yake watu wa chini. Kutoka huku hadi kule ungefika kabla chai haijapoa, lakini hawakuoana bila maneno. Tanuri la mkate lilikuwa moja kwa kijiji kizima. Aliyeoka wa kwanza siku ya Jumatatu aliteketeza kuni nyingi, maana tanuri lilikuwa limepoa; waliofuata walikuta joto la bure. Kwa hiyo kila wiki walipiga kura.

"Mama yangu alikuwa na mkosi wa kura," alisema. "Tuliwapashia moto watu wote, hata wale waliotunyima salamu."

Mashamba waligawana sawa watoto wote, wavulana na wasichana, kizazi baada ya kizazi, hadi vipande vikawa vyembamba kama mkanda wa suruali. Ndiyo maana wengi walivuka bahari kuja huku. Nilimwambia kwamba kwetu nyanda za juu nasi tumegawana hadi tumeishiwa, ila wasichana hatukuwapa.

Alinitazama. "Basi wanaume wenu walikuwa na mashamba mapana mara mbili, na bado mmekuja Amerika."

Mwenzangu wa zamu, mama kutoka kwetu, alipita mlangoni. "Mzee, bado mko Ujerumani? Huku kuna watu wanataka kwenda msalani."

Nilicheka, nikasimama. Daftari lililokuwa magotini mwangu halikuwa na neno hata moja.

Hapa lazima niseme jinsi tulivyofanya kazi. Kila mzee alikuwa na chati yake. Kila baada ya saa mbili ulipaswa kuandika kwamba umemgeuza, umempa maji, umemtazama ngozi, na kutia sahihi. Hakuna aliyeandika kila baada ya saa mbili. Tulifanya kazi, kisha dakika kumi kabla ya zamu kwisha tukaketi na kujaza visanduku vyote kwa mkupuo mmoja. Na kama hukukumbuka vizuri uliandika kile ambacho kwa kawaida huwa. Saa nane: amegeuzwa. Saa nane: amekunywa. Mara nyingi ilikuwa kweli. Mkono wangu ulizoea hivyo kwa miaka mingi hata ukaacha kuona haya.

Na kijiji cha bibi nilikijaza vivyo hivyo. Nilimsikiliza, sikuandika. Nikitoka saa tisa niliketi garini, nikaandika ninachokumbuka kabla usingizi haujanizidi. Siku nyingine nilingoja hadi Ijumaa, nikaandika wiki nzima mara moja. Yeye alidhani ninaandika pale pale, kwa sababu kalamu nilikuwa nimeishika.

Mchana mmoja aliniambia nifunge mlango. Alikuwa ametulia kupita kawaida. Alianza mbali, na desturi yao ya mipaka. Kila baada ya miaka kadhaa wanaume wa kijiji waliuzunguka mpaka wote wakiwa na watoto, na kwenye kila jiwe mtoto mmoja alipigwa kofi, ili maisha yake yote asisahau jiwe liko wapi.

"Jiwe la tatu ni langu," alisema. "Aliyenipiga ni baba mwenyewe."

Kisha akanieleza kwamba wakati wa vita waliletwa vijana kutoka Polandi kufanyishwa kazi kwa lazima. Mmoja aliwekwa kinuni. Majira ya baridi aliugua kifua, na hakuna aliyemwita daktari, kwa sababu mwenye kinu alisema atapona. Hakupona. Hawakutaka alazwe makaburini pamoja na watu wao. Alfajiri moja baba yake bibi na mwenye kinu walimbeba kwa mkokoteni wa farasi hadi karibu na jiwe la tatu, wakamzika bila alama. Bibi alikuwa na miaka kumi. Yeye ndiye aliyeshika hatamu za farasi. Baba yake akamwapisha asiseme.

"Sasa wote wamekufa waliojua," alisema. "Nimebaki mimi. Yule kijana alikuwa na mama. Kijiji kitaandika tanuri na kura na kinu, na yeye hatakuwemo? Andika hivi. Ukisimama kwenye jiwe la tatu..."

Na mimi nikalala.

Sijui nililala dakika ngapi. Nilikuwa sijaona kitanda tangu juzi yake. Nakumbuka neno "hatua." Niliposhtuka alikuwa ananitazama, macho yamelowa, na nadhani kichwa changu kilichoinama alikiona kama heshima.

"Umeandika?" aliuliza.

"Nimeandika, mama."

"Yote?"

"Yote."

Alishusha pumzi, akafumba macho. Ningeweza kumwambia wakati ule: mama, nisamehe, nimesinzia, rudia. Angenitukana kidogo kisha angerudia. Neno dogo hivyo. Niliona aibu kumwambia mtu anayelia kwamba nilikuwa nimelala, nikajiambia nitamuuliza kesho kwa ujanja, kama vile ninahakikisha tu. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Kesho kutwa nilipofika, kiharusi kilikuwa kimempiga, na ulimi haukurudi tena.

Binti alikuja siku zote hizo. Aliniuliza kuhusu daftari, akasema mama yake amekuwa akilitazama begi langu. Nikamjibu limebaki kidogo. Mchana ule niliketi garini nikajaza. Tanuri, kura, mashamba, mawe ya mpaka. Hayo nilikuwa nayo. Nilipofika kaburini nilifanya kama kwenye chati: niliandika kile ambacho kwa kawaida huwa. Kwetu marehemu hulazwa upande wa chini wa boma, kichwa kikielekea mteremko. Basi nikaandika: kutoka jiwe la tatu, hatua arobaini kuteremka, upande wa kijito. Arobaini niliitoa wapi? Hatua thelathini zilionekana chache.

Binti alimsomea mama yake daftari lote. Mimi nilikuwa chumbani, nabadilisha maji. Alipofika pale, bibi alianza kutoa sauti na kugonga kitanda kwa mkono wake uliobaki na nguvu. Binti alilia, akasema, "Ndiyo mama, tulia, wataliona, tumeandika." Mkono ule uliendelea kugonga. Mimi nilijua ulikuwa unasema nini. Nilimwaga maji, nikatoka.

Alikufa wiki ile.

Miezi mingi ilipita. Nilikuwa nimeacha kazi na kuhamia Blaine kwa binti yangu, mahali ambapo bila gari hata mkate hununui. Binti wa bibi alinipigia, akaomba tukutane Roseville tunywe kahawa. Alikuwa na kitabu cha kijiji, na picha. Wanakijiji walikuwa wameweka jiwe la kumbukumbu kwa yule kijana, na watu wamesimama kulizunguka wakiwa wamevua kofia. Nyuma yao kuna nyasi, na kijito.

"Waliniandikia jambo moja," alisema. "Wazee wa kule walishangaa. Upande ule theluji ikiyeyuka hufunikwa na maji, hata ng'ombe hawapelekwi. Hakuna ambaye angechimba kaburi pale. Lakini wakasema, kama ni neno la mtoto aliyekuwepo, sisi ni nani?" Akanishika mkono. "Bila wewe lisingeandikwa."

Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, nikamaliza na kahawa.

Nyumbani nilimwambia binti yangu. Aliacha kuosha vyombo. "Baba, nobody will ever know," alisema. "Nani atajua? Ulikuwa umechoka. Na jiwe si wameweka?" Alisema kwa upendo, na kila neno lilikuwa lile nililokuwa nimejiambia mwenyewe, kwa hiyo nikasikia jinsi linavyonuka. Nilikaa nalo wiki tatu zaidi. Mzee kama mimi, wiki tatu.

Kisha nilimwomba anipeleke Saint Paul. Binti wa bibi alinikaribisha jikoni kwake, akaniwekea keki. Nilimwambia kabla sijaketi. Hakupiga kelele. Aliisogeza ile keki pembeni ya meza.

"Alikuwa anagonga," alisema hatimaye. "Mama alikuwa anagonga, na mimi nikamwambia atulie."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale pale."

"Nilikuwepo. Nilijua."

Aliinuka, akarudi na daftari langu na penseli. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Aliniambia nisome kutoka ukurasa wa kwanza, na kila mstari nimwambie: hili mama alilisema, au hili umelijaza. Tulisoma mchana kutwa. Tanuri, alilisema. Kura, alizisema. Rangi ya mlango wa kanisa, sikuwa na hakika. Binti alitia alama bila kuinua uso. Kuna mistari niliyodhani ni yake ambayo, nilipoisikia kwa sauti yangu, ilikuwa na harufu ya kwetu, na ikabidi niseme hivyo.

Tulifika kwenye jiwe la tatu.

"Alisema kupanda au kuteremka?"

"Sijui."

"Kulia? Kushoto? Chochote."

Nilifumba macho nikajaribu kurudi kwenye kile kiti karibu na dirisha. Nilisikia neno "hatua," na baada yake hakuna kitu.

"Alisema hatua," nilimwambia. "Zaidi ya hapo nilikuwa nimelala."

Akaandika hivyo hivyo, kwa Kijerumani, katika barua ya kwenda kijijini, kisha akanigeuzia karatasi nitie sahihi chini ya maneno nisiyoweza kuyasoma. Nikatia.