Sabato Kando ya Mto Rhône

Harufu ninayoikumbuka ya jiji la Lyon, huko Ufaransa, si ya mikate wala manukato, bali ya jasho. Lilikuwa jasho la watu wazima wasiotoka shambani wala sokoni, limechanganyika na mafuta ya kujikinga na jua, mkojo wa mbwa kwenye nguzo za taa, na soseji za matumbo ya nguruwe zilizochomwa kando ya mto Rhône kila Jumamosi asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi. Kwetu Homa Bay mtu aliyelowa jasho alikuwa na sababu: amebeba gunia la omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni, au amelima tangu alfajiri, na jambo la kwanza analotaka ni maji ya kuoga. Hawa walikimbia kutoka daraja moja hadi jingine, wakageuka, wakarudi walikotoka. Wanaume walivua fulana wakazikamua kama matambara ya kupigia deki. Kisha, wakiwa bado wanatiririka, walikuja kutusalimia kwa desturi yao ya kugusanisha mashavu, kulia na kushoto, na jasho lao likabaki usoni mwangu. Nilisimama nimebana pumzi, nikisubiri wageuke ili nijifute kwa mkono wa blauzi.

Baba alikuwa ofisa wa uvuvi, na mwaka ule alipelekwa huko kusomea magonjwa ya samaki. Mama alikuwa mjamzito na mgonjwa, akahamia kwa nyanya kule Migori ili atunzwe, ikaamuliwa mimi niende na Baba. Tulikaa chumba kimoja, ghorofa ya nne. Chumba hicho tulitafutiwa na Bwana Gérard, mzee wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu wa michezo aliyeongoza kikundi cha kukimbia pale mtoni. Ndiye aliyetuletea godoro, sufuria mbili, na koti langu la kwanza la baridi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yetu ilikuwa hii: Gérard akisema Jumamosi twende mtoni, tunakwenda. Nasi ni Waadventista. Nyumbani Jumamosi ni Sabato. Hata maji tulichota Ijumaa kabla jua halijazama, na chakula cha kesho yake kikapikwa mapema. Sabato ya kwanza Baba aliniambia, "Mungu anaona tuko ugenini." Ya pili alinishika mkono tu, tukateremka. Na Mama alipopiga simu jioni kuuliza mahubiri yalikuwaje, Baba alimjibu, "Yalikuwa mazuri sana," huku akinikazia macho mpaka nikainamisha yangu.

Gérard alikuwa ameshaamua kwamba mtoto wa Kenya lazima awe mkimbiaji. Alimuuliza Baba kwa Kiingereza kama nakimbia, na Baba, badala ya kusema kweli, akamwambia nilikuwa nakimbia kilomita kumi kila siku kwenda shule. Shule yangu ya Homa Bay ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Katika michezo yote mimi ndiye niliyechoka wa kwanza, na wenzangu walinichagua wa mwisho. Tulipokuwa tunapanda ngazi nilimuuliza Baba mbona amesema vile. "Wacha tu, nyathina," akanijibu, akiniita mwanangu kwa Kijaluo kama alivyozoea alipotaka nimwonee huruma. "Si umeona alivyofurahi?" Tangu siku hiyo Gérard alinionyesha kwa kila aliyepita. Alichuchumaa, akapandisha suruali yangu hadi gotini, akabonyeza shavu la mguu wangu kwa vidole vyake vyenye majimaji, sawa na mnunuzi anavyombonyeza mbuzi siku ya soko. Marafiki zake nao wakabonyeza. Kifaransa cha shuleni kilikuwa kimeanza kuniingia, nikaelewa aliposema, "Hii ni damu njema." Baba alikuwa amesimama kando akitabasamu kwa meno yote. Mkono usioweza kuukata, ubusu, wahenga walisema. Lakini mkono ule haukuwa juu ya mguu wake.

Jumamosi ya mwisho ya Juni kikundi kile kikaandaa mbio za watoto, kilomita mbili kandokando ya mto. Joto lilikuwa la kuunguza. Gérard alinivika fulana nyekundu iliyonifika magotini, kisha akanipa kipande cha ile soseji, akisema nitahitaji nguvu. Nilijua ni nguruwe, ambaye Waadventista hatumli. Iliponikaribia puani ilinuka choo. Nilimtazama Baba nikitegemea aseme neno, naye akatazama maji. "Kula kidogo tu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Usimwaibishe mzee wa watu." Nikala, nikimeza bila kutafuna, mafuta yakagandia kwenye kaakaa. Mbio zilipoanza watoto wote walinipita, hata kisichana kimoja kilichokuwa kikiimba huku kikikimbia. Watu walioahidiwa ajabu kutoka Afrika walianza kwa kushangilia, wakanyamaza, halafu wakacheka. Karibu na utepe wa mwisho Gérard aliingia njiani akinipigia kelele nikaze mwendo, na hapo tumbo langu likakataa. Nilitapika kila kitu juu ya viatu vyake vyeupe. Mbwa wa mtu akaja mbio, akaanza kuramba matapishi, na mwenyewe hakumvuta.

"Lakini ulisema anakimbia!" Gérard akamwambia Baba. Hakuna aliyeniuliza kama naumwa. Baba alitoa kitambaa chake cheupe, kile ambacho Mama alimpigia pasi kwa ajili ya kanisa, akapiga magoti. Nilidhani anakuja kwangu. Akafuta kiatu cha kushoto cha Gérard, akafuta cha kulia, akaomba radhi mara nyingi. Kisha akakikunja kitambaa kilekile, akatafuta pembe iliyo safi, akakileta kinywani mwangu. Niligeuza uso. Mpaka leo sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona pale, na hakikuwa kinyaa cha matapishi.

Jioni simu ilipolia niliiwahi mimi. Mama aliuliza kama kawaida mahubiri yalikuwaje. "Hatukwenda kanisani, Mama," nikasema. "Hatujaenda hata siku moja. Leo nimekula nguruwe." Nilimsikia nyanya akiuliza kuna nini. Kisha akasema, "Mpe baba yako simu." Baba aliisikiliza akiwa amesimama dirishani, akijibu "ndiyo" peke yake, na kila "ndiyo" ilimpunguza kimo. Nilingoja kupigwa. Aliponirudishia simu aliniuliza kama nina njaa, akanikorogea uji. Jumatatu aliteremka ngazi akamweleza Gérard kwamba siku ya Jumamosi sisi huabudu. Gérard hakutufukuza. Aliomba tu fulana yake nyekundu, akaacha kutusalimia, nasi tukakaa katika chumba kile hadi masomo yalipokwisha. Hofu yote ile haikuwa na msingi. Sabato zilizobaki tulisoma Biblia tukiwa tumefunga madirisha, na bado harufu ilipanda.

Leo ninafanya kazi Migori, na Baba amestaafu, yuko nyumbani Homa Bay. Ana presha, na daktari amemwamuru atembee, hivyo Jumapili nikimtembelea tunatembea pamoja kando ya ziwa, katikati ya magugu maji, chupa za plastiki na vichwa vya samaki wa mbuta vilivyooza. Siku hizi hata huku watu hukimbia kwa afya, vijana wa ofisini na akina mama wa makamo wenye raba za mtumba, na jasho lao halinichefui tena. Mimi mwenyewe hukimbia nikipata nafasi, peke yangu, bila kutazamwa. Nikipima miaka ile na hii, ufuo wetu ni mchafu zaidi kwa mbali kuliko njia za Lyon zilizofagiliwa kila siku, na nina hasira na wanaoutupia taka. Ila taka hizi naweza kuziruka.

Mwezi uliopita nilimuuliza hatimaye. "Baba, kwa nini ulianza na viatu?"

Hakuuliza viatu gani. Alipiga hatua kadhaa akihema, kisha akasema, "Nilikuwa nafikiria tutalala wapi. Yule mzee asingenisubiri. Wewe ulikuwa wangu, nyathina. Wewe nilijua utanisubiri."

Ni jibu la kweli, na akili yangu imelikubali. Tumbo langu bado.